Nani Alimpima Kalunde?

Mlinitukana vya kutosha wiki nzima kwa kumwacha Kasyoka ameshika pazia. Nimesikia. Haya, tulivute hilo pazia, na mwenye moyo mwepesi atafute mahali pa kukaa.

Kwa aliyeingia leo, nitamwambia kwa haraka. Kasyoka ni mbunifu wa mavazi pale Machakos mjini. Ameshona mkusanyo mzima wa nguo za kike, akauita Mbua, yaani mvua kwa Kikamba. Watu wa Nairobi waliomwalika walikuwa wameandika "springi", msimu wa Wazungu, kwenye kadi, naye akacheka. Springi ya wapi? Ukambani mwanamke anatafuta gauni jipya mvua ikishanyesha na mashamba yamerudi kijani.

Jumamosi hii, alasiri, katika ukumbi wa hoteli moja mjini, Madam Warigia mwenye maduka ya nguo Nairobi amekuja kuchagua mbunifu mmoja tu. Nguo za huyo mmoja zitaning'inia madukani mwake msimu mzima, na jina lake litashonwa ndani ya kila kola. Kasyoka halali kwa ajili ya hilo jina.

Alipofika nyuma ya jukwaa alikuta vyuma vyake vya kutundikia nguo viko tupu. Kisha akamsikia emsii akitangaza, "Karibuni Mbua, kazi ya mikono ya Mama Kalunde!" Akashika pazia, akachungulia. Msichana wa kwanza alikuwa keshapanda jukwaani na gauni la Kasyoka mwilini. Na hapo kando ya pazia, aliyekuwa akimfungia zipu msichana wa pili alikuwa Musili, fundi wa Kasyoka mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoachana.

Kasyoka aliachia pazia, akashika shati la Musili.

"Musili! Unafanya nini na nguo zangu?"

Musili alishtuka hadi pini zikamwanguka mdomoni. "Madam! Kwani si mmeelewana?"

"Nimeelewana na nani?"

Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ulifunguka akaingia Kalunde, amevaa gauni refu la kijani lenye bega moja la kusukwa, kichwa juu. Musili alipomwona tu alijinasua, akapenya nyuma ya nguo za wabunifu wengine zilizotundikwa, akageuza uso ukutani.

"Ona mwizi anavyojificha!" Kasyoka akafoka.

Alikosea kuhusu sababu ya kujificha kule, lakini msinilazimishe kuisema sasa.

Kalunde mnamjua. Ndiye mwenye duka kubwa la ushonaji pale mjini, ndiye aliyemwajiri Kasyoka alipomaliza shule, na binti yake Kamene ndiye mke wa Musili. Mwaka jana mji mzima ulikula mbuzi wa mahari ile.

"Mama Kamene, vua hiyo gauni," Kasyoka akasema.

"Nivue mbele ya nani? Shika adabu yako, we msichana. Mimi ndio nilikufunza kushika sindano."

"Ulinifunza kushona kamba ya aproni! Hii bega ni yangu!"

Bega hilo ndilo lililomtoa Warigia Nairobi. Kila gauni la Mbua lina bega moja lililosukwa kwa uzi, duara juu ya duara, vile mtu anavyoanza kitako cha kyondo, kikapu cha Kikamba, halafu kitambaa kinateremka kutoka hapo hadi chini. Ondoa bega, na Mbua inabaki nguo kama nguo nyingine.

Kasyoka akamvuta msichana wa pili, akageuza kola yake. Lebo yake ilikuwa imefumuliwa. Nyuzi zake bado zilikuwa pale pale, na juu yake ilikuwa imeshonwa lebo mpya: Kalunde.

Sijui wewe ungefanya nini. Kasyoka alipanda jukwaani.

Alimpokonya emsii maiki huku muziki ukiendelea. "Zimeni hiyo ngoma! Hizi nguo ni zangu! Huyu mama ni mwizi!"

Muziki ukakatika. Ukumbi ulikuwa umejaa akina mama wa kanisa, wafanyabiashara wa mjini na wasichana wa vyuo, na kila mwenye simu aliinua. Madam Warigia alikuwa mstari wa mbele, miwani juu ya kichwa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa tupu. Kasyoka alikuwa amemwekea mama yake, Nzisa, lakini Nzisa alifika akasema magoti yanamuuma, akaenda kukaa huko nyuma karibu na mlango.

"Mimi nimetoka Nairobi kuangalia nguo," Warigia akasema, "sijakuja kuamua kesi. Lakini sawa. Kila mtu aseme yake mbele ya watu, na nikiona nimechezewa, naingia kwa gari naenda."

Kalunde naye akapanda, taratibu, kana kwamba ameitwa kupokea zawadi.

Kasyoka ndiye aliyeanza. "Madam, hii bega imetoka kwa kichwa yangu. Nilisema kwa redio mwezi jana na nasema tena hapa. Hakuna mtu alinifundisha! Hakuna!"

Huko nyuma kiti kilikwaruza sakafu. Hakuna aliyegeuka kutazama.

"Umemaliza?" Kalunde akachukua maiki. "Madam Warigia, huyu alikuwa msichana wa duka langu. Kila kitu anajua amekitoa kwangu. Hizi nguo zimeshonwa na fundi, na huyo fundi ni wa kwangu. Muulizeni Musili ameoa kwa nani."

Watu wakacheka. Kasyoka alisikia kicheko kile kikimpita na kumwendea Kalunde. Angesema nini? Michoro alikuwa nayo, lakini mtu akishakuwa na fundi wako na nguo zako, atasema michoro nayo ulimwibia.

Warigia aliinamia mbele. Jicho lake lilikuwa kwenye gauni la kijani.

"Hiyo umevaa imekukaa vizuri sana, mama. Kwa kweli ndiyo nzuri kuliko zote. Hiyo nayo nani alishona?"

Hapa, wasomaji wangu, Kalunde alikuwa ameshashinda. Angesema "nimeshona mwenyewe" na mambo yangekwisha. Lakini mtu akishaonja ushindi hujisahau, na Kalunde alitaka kumfunga Musili kwake mbele ya watu wote kwa fundo lisilofunguka.

"Si ni huyo huyo Musili!" akasema kwa maiki. "Alinipima yeye mwenyewe kwa tepu, kifua, kiuno, mapaja, kila mahali. Ndiyo maana imekaa hivi."

Akina mama wa kanisa wakatazamana.

Kisha mama mmoja wa mstari wa tatu, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika kila mahali, "Aiya!"

"Mkwe wako akupime kifua?" mwingine akadakia.

"Kalunde! Umesema nini wewe?"

Kalunde alishusha maiki. Nilikuwa nataka kumhurumia lakini nimeshindwa.

"Kwani kuna nini?" Warigia akauliza, akitazama kulia na kushoto. "Fundi akipima mteja kuna ubaya gani?"

Mama wa kitambaa cha kanisa alisimama kumweleza. "Madam, wewe si wa huku. Huku kwetu mwanaume na mama wa bibi yake wako na nthoni. Hiyo ni heshima ya kuoneana haya. Akimwona mbele anaacha njia, anaingia kwa majani mpaka apite. Hawakai meza moja. Hata sisi tumeokoka hiyo hatujaacha. Sasa ati ashike tepu amzungushie kifua? Huyo kijana angehama Machakos!"

Kasyoka alimkumbuka Musili akipenya nyuma ya nguo, uso ukutani. Kumbe hakuwa akimkimbia yeye.

"Musili!" akaita. "Kuja hapa! Tepu iko kwa shingo yako. Kuja umpime tena tuone!"

Musili hakutoka. Emsii alimfuata nyuma ya pazia, akamleta akimvuta mkono. Alisimama ukingoni kabisa mwa jukwaa, amempa Kalunde mgongo, macho kwenye viatu vyake.

"Mpime!" Kasyoka akasema.

"Madam, tafadhali."

"Si ulimpima kifua? Mpime, watu waone!"

"Ampime!" sauti zikatoka ukumbini. Hawakuwa wakicheka tena. Walikuwa wamekasirika, kwa sababu Kalunde alikuwa ameitia uchafu heshima ya kila mwanamke mle ndani mwenye binti aliyeolewa.

Kalunde naye alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua. "Wacheni ushamba! Hayo ni mambo ya zamani. Mimi ni mtu wa biashara."

"Kama ni ya zamani, simama upimwe," Kasyoka akasema. "Mbona unatoroka?"

Musili alivuta tepu kutoka shingoni. Kwa kitambo kidogo watu walidhani kweli atageuka. Kisha akaitupa sakafuni.

"Siwezi! Huyo ni mama ya Kamene! Hata mkono sijawahi kumsalimia. Sijampima, na hiyo gauni ya kijani sijui imetoka wapi. Mimi nilibeba tu nguo kutoka karakana, nikabadilisha lebo vile niliambiwa."

"Nani alikuambia?"

"Kamene. Ametumwa na mama yake. Aliniambia wewe na mama yake mmeelewana, mnafanya kazi pamoja sasa. Nami ningemuuliza nani? Mimi siongei na mama mkwe, madam. Maneno yake yote yanapitia kwa bibi yangu. Nimeletewa neno, nimelifuata." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Ningekupigia simu wewe. Sikufikiria. Kosa langu ni hilo."

Ukumbi ukalipuka. Mtu alipiga kelele kwamba Kalunde ashushwe. Mwingine alitaka Kamene aitwe. Warigia alikuwa amesimama, na uso wake haukuwa wa mchezo.

"Mama, umenidanganya mbele ya macho yangu," akamwambia Kalunde.

Kalunde alitafuta mahali pa kushika, akashika pazia lile lile alilokuwa ameshika Kasyoka.

Kasyoka alimnyang'anya Kalunde maiki, akamrudishia emsii. Alikuwa akihema. "Tangaza tena. Na utaje jina langu vizuri!"

Emsii akakohoa. "Mabibi na mabwana, mkusanyo wa Mbua, kazi ya mikono ya Kasy..."

"Ngoja," Warigia akasema.

Emsii akangoja.

"Kama Musili hakushona hiyo ya kijani, alishona nani? Na karakana yako ilifunguliwa aje? Mlango ulivunjwa?"

Kasyoka alikuwa na hasira nyingi kiasi kwamba hakuwahi kujiuliza. Mlango haukuvunjwa. Alisogea, na kwa mara ya kwanza akalitazama lile gauni la kijani badala ya kumtazama mwanamke aliyelivaa.

Halikuwa lake. Hakuwahi kulikata wala kulichora. Lakini bega lilikuwa lile lile, na lilikuwa limesukwa vizuri kuliko mabega yake yote. Maduara yake yalibana sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni, na hapakuonekana uzi ulipoishia. Mji mzima hapakuwa na mtu wa kusuka hivyo. Alimjua mmoja tu, naye hakuwa wa Machakos mjini.

"Madam," Musili akasema polepole, "mimi kifunguo nilipewa."

"Na nani?"

Musili aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake. Alitazama kule nyuma, karibu na mlango.

"Na mimi."

Nzisa alikuwa amesimama. Alipita katikati ya viti bila kuomba njia, na watu wakampisha. Wafanyabiashara wa soko la Tala wanamjua mama huyu. Hata askari wa kaunti walikuwa wakiiruka meza yake kwa kumwogopa. Alipanda jukwaani, na magoti yake hayakuonekana kumsumbua hata kidogo.

"Huyo kijana muache," akasema. "Mimi ndio nilimpa kifunguo, kile uliniachia. Mimi ndio nilimpima Kalunde. Na mimi ndio nilimshonea hiyo gauni."

"Mwaitu? Mama?" Kasyoka akasema.

"Usiniite mwaitu mbele ya watu. Kwa redio hukuniita."

Kasyoka alihisi uso ukimwaka.

Nzisa alivua sweta, akamtupia emsii ashike. Ndani alikuwa na gauni la bluu la zamani, lililopauka kwa kufuliwa. Bega moja la gauni lile lilikuwa limesukwa kwa uzi, duara juu ya duara. Simu zote ukumbini zikamgeukia.

"Nilikuwa nauza mitumba Tala," akamwambia Warigia, "na bale ikifunguliwa unapata nguo nzuri imechanika bega. Nani atanunua? Nikaanza kuzisuka bega kama kyondo. Wanawake wakapenda, wakaanza kuleta hata zile hazijachanika. Wakaita bega ya Nzisa. Huyu mtoto amevaa hiyo bega kwa yunifomu yake. Siku ya kwanza alilia, akasema watamcheka. Hawakumcheka. Walienda kuambia mama zao wanataka kama yake."

Akamgeukia binti yake. "Mwezi jana nimekaa nachagua maharagwe. Redio ikamuuliza, Kasyoka, hii bega umefunzwa na nani? Nikaongeza sauti. Nikaita jirani aje asikie jina langu. Ukasema nini?"

Kasyoka alitazama tepu iliyotupwa sakafuni.

"Nauliza ulisema nini!"

"Nilisema hakuna mtu."

Kalunde aliachia pazia. Aliona mlango wa kujiokoa umefunguka. "Mnasikia? Mnasikia nyote? Mwizi ni yeye!"

"Nyamaza, Kalunde!" Nzisa aligeuka kwa ukali hadi Kalunde akaruka. "Wewe ulikuja kwangu ukakunywa chai yangu. Uliniambia nguo zitatoka na jina langu, Nzisa, kwa kila kola. Nikakuamini, nikakushonea ya kuvaa leo, nikatoa kifunguo. Na leo emsii ametaja jina lako nikavumilia, kisha umeulizwa nani alishona, mimi nimekaa hapo nyuma nasikia, unasema Musili! Fundi asiyeweza hata kukutazama! Afadhali umtaje mkwe wako kwa aibu kuliko unitaje mimi?"

Kalunde alilirudia pazia.

"Nilitaka huyu mtoto aonje," Nzisa akaendelea, na sauti sasa ilikuwa ya chini na mbaya zaidi. "Ajue vile inauma kusikia jina la mtu mwingine juu ya kazi yako. Sasa amejua. Lakini nikuambie kitu, Kasyoka. Kalunde alitoka kwake akaja mpaka kwangu kunidanganya. Wewe hata kunidanganya hukujisumbua."

Mama wa kitambaa cha kanisa aliketi chini.

Nitasema ninachofikiri, mtake msitake: hilo lilimchoma Kasyoka kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Alikumbuka ile yunifomu. Alikumbuka vidole vya mama yake vikimpitishia uzi pale begani naye amekaa kwenye kigoda akilalamika. Machozi yalimjia, akayakasirikia.

"Na Mbua nani ameishona?" akalipuka. "Nani amekata? Nani amechagua kitambaa, nani amebisha milango ya watu Nairobi wakimfukuza? Bega moja, mwaitu! Bega moja, na zingine zote ni mimi!"

"Basi baki na hizo zingine."

Warigia alipanda jukwaani mwenyewe. Alionekana kuchoka. "Wamama, mimi niko na nafasi ya jina moja kwa lebo. Moja. Nikitoka hapa bila hilo jina, Mbua imekwisha. Kasyoka, nguo zilitoka kwako. Sema wewe. Hii bega ni ya nani?"

Akachukua maiki kwa emsii, akampa.

Jina lilikuwa fupi. Kasyoka angelisema tu, na pengine jioni ile wangekula pamoja. Alimtazama Kalunde, na Kalunde alikuwa ameanza kutabasamu. Alizitazama simu, zote zimeinuliwa, zikimngojea akiri kwamba alikuwa mwongo.

Nzisa hakungoja. Aliingia nyuma ya pazia, akachukua makasi kwenye meza ya kazi ya Musili, akamwendea msichana wa kwanza, aliyekuwa bado amesimama jukwaani na gauni lake, hajui aende wapi. Alilishika bega lile, akaliinua kutoka mwilini mwa msichana, akaingiza makasi chini ya duara la kwanza.

"Taja jina langu," akasema. "Ama nachukua bega zangu zote nirudi nazo Tala, na wewe umuuzie huyu madam vitambaa."

Akayafungua makasi. Lakini waliokuwa mbele waliona midomo yake, na wanaapa kwamba alikuwa akimwomba.

Kasyoka aliinua maiki.

"Kata," akasema.